Mgongo Aliouchora Josephat

Odeta hakuwa hawara wa mume wangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa hapa Nyakato, Mwanza, tena na watu waliokula nyumbani kwangu. Wanasema Josephat Muganyizi alimchora yule mwanamke wa saluni akiwa uchi, kwamba alikonda na kufa kwa ajili yake, na kwamba kanisa lilimkataa kwa haki. Mume wangu alikufa kwa figo, Septemba 1997. Cheti cha daktari ninacho. Kanisa kweli lilimkataa, lakini si kwa kosa alilolitenda yeye.

Alikuwa Mhaya wa Kamachumu, mpole, mwenye vidole virefu visivyoisha rangi kwenye kucha. Kwa miaka kumi na sita alichora maua ya vitenge katika kiwanda cha nguo hapa Nyakato. Alijua kitambaa kinavyokaa mwilini: ua lipi lisiangukie tumboni, mstari upi humfanya mnene aonekane amesimama wima. Mitumba ilipojaa mjini, kiwanda kikapunguza watu, naye akapunguzwa mwaka 1993. Akaanza kuchora mabango barazani kwetu: maduka ya dawa, baa, gereji. Mimi nilikuwa mwalimu wa Jiografia na makamu wa mkuu wa shule. Sikulipenda baraza lile, lakini sikusema.

Odeta alitaka bango la saluni yake lenye uso wake mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda asubuhi tatu, mbele ya kila mpita njia, akiwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Fundi, nipunguzie pua."

"Pua umeipata kwa mama yako. Mimi nina rangi tu."

"Basi niongezee shingo!"

Akamwongezea. Shingo aliyomwongezea ilikuwa yangu. Mkono wake haukuijua nyingine.

Mwaka 1995 hoteli moja mjini iliandaa maonyesho ya wachoraji, na mada yao ilikuwa mwili wa binadamu. Josephat aliniambia tukiwa mezani.

"Miaka kumi na sita nimechora nguo, Kokulinda. Sijawahi kuchora kilichomo ndani yake."

"Utamchora nani?"

Aliendelea kunitazama mpaka nikainuka kuondoa sahani.

Mimi ni binti wa mwinjilisti. Nilikataa kwa wiki mbili. Mwishowe nilikubali, kwa masharti. Asichore uso wangu. Asimwambie mtu yeyote, hata mchungaji. Na asichore kovu. Nilipokuwa na miaka sita niliungua kwa sufuria ya maharage, na tangu bega la kushoto hadi kiunoni ngozi yangu imekunjamana kama gome la mti. Sikuwahi kuvaa blauzi ya mgongo wazi maishani mwangu.

Alinibishia kuhusu kovu tu. "Bila hilo ni mgongo wa mtu yeyote."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Mimi sitaki mgongo wa mtu yeyote."

Lakini aliapa. Jumamosi mchana, watoto wakiwa kwaya, tulifunga mlango kwa komeo. Alianza kwa mkaa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, kisha akahamia kwenye kitambaa cha marekani alichokipaka rangi nyeupe na kukibana kwenye fremu. Mwanamke amekaa mkekani, ametugeuzia mgongo, mkono mmoja unajifuta shingo, khanga imeshuka nyongani. Ngozi ni laini tangu juu hadi chini.

Siku ya maonyesho nilivaa suti ya bluu na kusimama mbele ya picha ile kati ya wageni. Watu walipunguza mwendo walipoifikia. Sikuwa na aibu. Nilijisikia mrefu. Ndipo Getruda, mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika wetu, aliponishika kiwiko.

"Mwalimu, pole."

"Pole ya nini?"

"Shingo hiyo naijua. Ipo juu ya mlango wa saluni."

Ningeweza kusema neno moja tu: ni mimi. Nilimwambia, "Asante."

Jumapili ya pili Josephat aliitwa na wazee wa kanisa. Mzee Luhaga, mtu mwema asiyependa makuu, ndiye aliyeongoza kikao.

"Ndugu yetu, mtaje huyo mwanamke, tuombe, tumalize."

"Ni mtu ninayemheshimu."

"Mtaje."

"Siwezi, mzee."

Wakamtenga na meza ya Bwana. Kwa miaka miwili alikaa benchi la nyuma, nami nilipanda kupokea mkate peke yangu, na niliupokea. Hakulalamika hata siku moja. Mara moja tu, akiwa anasafisha brashi, aliniuliza, "Na ukinifungua kiapo?" Nikamjibu kwamba wanafunzi wangu wako mtihanini. Akarudi kwenye brashi zake.

Odeta naye alikimbiwa na wateja. Alikuja barazani kwangu akiwa amefunga kitambaa kichwani kama mfiwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mimi nina kosa gani?"

"Huna kosa."

"Kumbe unajua! Basi waambie. Wewe wakikusikia watanyamaza."

Nilimwambia nitalifikiria. Kabla ya mvua za vuli alikuwa amehamishia saluni yake Sengerema, ng'ambo ya ziwa.

Josephat alipofariki ilibidi arudishwe Kamachumu, kwenye kibanja cha baba yake, shamba la migomba la ukoo. Kwetu sisi Walutheri mtu hazikwi na mchungaji wa nyumbani bila barua ya usharika alikotoka, ya kusema kwamba alikuwa mshiriki mwema. Wazee walikuja nyumbani jioni ya msiba, Getruda akiwa pamoja nao. Niliwapeleka chumba cha ndani, nikasimama, nikasema.

"Yule mwanamke wa kwenye picha ni mimi."

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mwalimu," Getruda alisema polepole, "ulipougua taifodi mwaka themanini na tisa, mgongo wako tuliuosha sisi. Una kovu kama ramani. Ule hauna hata kipele."

"Nilimwomba asilichore."

"Umwombe mumeo akuchore mtu mwingine?"

"Nilimwomba."

Mzee Luhaga alivua kofia yake. "Mama, hatukulaumu. Mke mwema humfunika marehemu wake. Lakini barua ni ya kanisa, haiwezi kusema uongo."

Walinionea huruma. Getruda alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nilitaka kuwaonyesha karatasi za mkaa, lakini nilikuwa nimezichoma mwenyewe, siku ileile picha ilipokwenda hotelini.

Lori letu lilivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga alfajiri, bila barua. Kamachumu mchungaji alikuja msibani amevaa koti la kawaida, akanipa mkono, akakaa kati ya majirani. Kengele haikupigwa. Shemeji zangu waliimba wenyewe, wakafukia wenyewe. Mama mkwe aliniuliza kwa Kihaya mwanawe alifanya nini. Nilimwambia hakufanya kitu. Alinitazama kama wazee wa Nyakato walivyonitazama.

Picha aliinunua mgeni mmoja aliyeondoka nayo kwao. Hata jina lake silijui. Mwaka huu wamekuja vijana wa chuo na madaftari, wanaandika habari za wachoraji wa Mwanza. Niliwaambia ni mimi, wakaniamini; sasa wanataka kujua Josephat alinikalishaje, aliniambia nini, na kama alinigusa ili apate umbo. Getruda naye amezeeka, na juzi alinitumia salamu kwamba labda nimwonyeshe tena mgongo, apime upya maneno yangu.

Mume wangu hakumchora Odeta. Odeta hana hatia. Mimi ndiye niliyenyamaza. Hayo nimeyaandika na kuyatia sahihi. Yaliyosemwa nyuma ya lile komeo Jumamosi zile sitayasema kwa chuo, kwa usharika, wala kwa watoto niliomzalia. Asije mtu kuniuliza.