Kodi ya Matabisi

Aliyetengeneza lile duka la kwenye simu hajawahi kukaa sokoni Kindu. Nasema hivyo bila kuogopa mtu. Angekaa hata asubuhi moja, asingeniuliza kama viwavi vikavu ni nguo, ni chakula, ama ni kifaa cha umeme.

Nilikuwa nimechoka kuuza kwa wapita njia peke yao hapa mtaani kwetu Mikelenge. Nikataka niwafikie ndugu zetu waliohamia Kinshasa, wale wanaolalamika kila siku kwamba mchele wa huko hauna harufu. Nikafungua duka mtandaoni. Picha nilipiga mwenyewe, bei niliweka mwenyewe. Halafu programu ikanisimamisha: kila bidhaa lazima iingie kwenye fungu lake la kodi, la sivyo wateja hawaioni. Kuna fungu la kodi kamili, la kodi ndogo, na lile lisilo na kodi. Chini ya kila fungu kuna orodha ndefu ya vitu kwa Kifaransa, na kimoja kilikuwa viatu vya kutelezea kwenye theluji. Theluji, Kindu!

Mchele wa Kibombo haukunisumbua. Ni chakula, kwisha. Mawese yalinitoa jasho, maana programu ilitaka kujua kama ni mafuta ya kula ama ya kujipaka, na sisi tunafanya yote mawili. Kwa viwavi nilitafuta neno "wadudu", nikaletewa dawa ya kuwaua. Nikavisukuma kwenye fungu la nyama na samaki, na wala sikuomba ruhusa ya mtu.

Mama yangu mzazi alikuwa pembeni kwenye mkeka, anachambua mchele na kunisikiliza nikifoka. Miguu yake ilikuwa imeshakataa kumpeleka sokoni. Mwanamke aliyeuza maisha yake yote, ambaye ukimpita bila salamu alikuita jina mbele ya watu mpaka ukaona haya, sasa wateja aliwasikia kupitia ukuta tu.

"Na matabisi?" akauliza.

"Matabisi gani, mama?"

"Aka! Matabisi gani? Ile yangu! Umeiweka kwa kodi gani?"

Kwetu mtu akinunua, unampimia kopo lake, halafu unamwongezea kidogo juu, bure. Hiyo ndiyo matabisi. Usipoitoa, mteja anakutazama kama umemtukania ukoo, na kesho ananunua kwa jirani. Wengine huongeza kiganja cha mchele uleule. Mama yangu huongeza chumvi ya majivu, kidogo tu, imefungwa kwenye kipande cha jani kavu la mgomba. Anaitengeneza mwenyewe hadi leo. Magugu ya mtoni yanakaushwa, yanachomwa, majivu yake yanachujwa kwa maji kwenye chungu kilichotobolewa, na maji yale yanachemshwa mpaka yakauke. Ukiitia kwenye sombe, majani ya muhogo yanalainika na harufu inawafikia majirani.

Alianza wakati wa vita. Mji ulikuwa umefungwa. Treni haiji, mashambani hakuendeki, na waliojaribu kwenda kuchimba muhogo wengine hawakurudi. Chumvi ya dukani ilikuja kwa ndege, na bei yake ilikuwa ya watu wanaopanda ndege. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka siku nilipowekewa sombe isiyo na chumvi kabisa, nikalia, na siyo kwa njaa, nililia kwa hasira. Kesho yake mama akashuka mtoni. Tangu hapo kila aliyenunua sombe kwake aliondoka na kijifurushi chake cha chumvi, hata kama hakuomba.

Mafungu ya kodi niliyajua kuanzia huko. Njia ya kutoka mtoni ilikuwa na kizuizi, na vijana wenye bunduki walimega kila kilichopita: samaki, kuni, ndizi, hata kipande cha sabuni ulichokwisha kuogea. Siku ya kwanza walifungua mfuko wa mama, wakaona kitu cha kijivu, wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Majivu! Pita, mama, pita na uchafu wako." Akapita, ameinamisha kichwa, anatafuna kicheko chake mpaka nyumbani.

"Hii haikulipaka kodi hata siku moja," aliniambia sasa, ameshika kiuno ingawa amekaa. "Utaiweka kwa ile ya bure."

Haya. Nikaandika: matabisi. Fungu: bila kodi. Bei: sifuri. Programu ikakataa, haipokei kitu kisicho na bei. Nikaweka faranga moja, ambayo siku hizi hata haionekani mkononi mwa mtu. Ikakubali. Nikafurahi kama mjinga, nikampelekea mama aone.

"Unauzisha matabisi?" Nusura mchele umwagike. "Astaghfirullah! Watu watasema nini? Yule mama amekuwa mchoyo uzeeni?"

"Mama, ni faranga moja tu..."

"Matabisi inauzwa wapi? Nionyeshe mahali inauzwa!"

Nikafuta. Nikawaza kuitia ndani ya kifurushi kimyakimya. Lakini mizigo yetu inaenda kwa ndege, na watu wa mizigo wanalinganisha vilivyomo na karatasi ya duka. Unga wa kijivu, umefungwa kwa jani, haukuandikwa popote: haya, nenda uwanjani ukaeleze kwamba ni mapenzi ya mama yako! Mteja wa kwanza alipoagiza, kifurushi chake kikaenda Kinshasa na mchele peke yake.

Mama hakugomba, na hilo ndilo lililonitisha. Aliendelea kuchambua mchele, akasema polepole: "Mchele iko ya watu wa Kibombo. Viwavi iko ya Punia. Ile chumvi njo kitu yangu moja tu kwa hii duka yako. Kama haiko, watu watajua aje kama mimi bado niko?"

Iliniuma kweli. Nikajifanya natafuta chaja.

Mchele ulipofika, yule mteja wa kwanza alinitumia ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha hapahapa. "Dada, mchele umefika, Mungu akubariki. Lakini hiyo tabia mumetoa wapi? Kopo bila matabisi? Muko watu wa Kindu kweli, ama munajifanya?"

"Rudilia," mama akasema. Nikarudilia. "Tena." Alinifanya niicheze mpaka nikaijua kwa moyo, kila neno la kunisuta.

Nikairudia programu kwa hasira mpya. Nilibonyeza, nikafuta, nikatukana kwa lugha zote ninazozijua, mpaka nikajicheka. Kwani nani aliwahi kuja sokoni kununua matabisi peke yake? Matabisi haitembei peke yake, inakuja na kopo. Nikaufungua ule mchele, nikabadilisha jina: "Mchele wa Kibombo, na matabisi ya chumvi ya majivu ndani". Bei moja, ileile ya kwanza. Fungu moja, chakula, bila kodi. Programu ikameza bila kuuliza swali. Kifurushi kidogo kingine nikamwandalia yule mama wa Kinshasa, nikakipeleka mwenyewe uwanjani. Mtu wa mizigo alisoma karatasi, akanusa lile jani, akaniuliza kama yeye hana yake. Kizuizi ni kizuizi. Nikampa jani jingine nililobeba. Sikumwambia mama kwamba chumvi yake hatimaye imelipa kodi.

Ujumbe wa pili ulikuja tukiwa tunakula. Nikaiweka simu katikati ya sahani zetu.

"Dada! Leo nimepika sombe. Nilifungua lile jani, nikanusa, nikakaa chini. Hii chumvi naijua. Wakati wa vita nilikuwa nanunua sombe kwa mama mmoja pale njia ya mto, alikuwa anatupatia hii hii, na watoto wangu walikula. Kumbe yule mama bado iko?"

Mama aliinyakua simu kwa mikono miwili, vidole vimejaa mawese, akaileta mdomoni. Akapiga kelele kwa sauti yake ya sokoni, ambayo sikuwa nimeisikia tangu miguu imkatae.

"Niko! Niko, mama! Niko!"

Nikamwambia ile ni sauti iliyorekodiwa, mwenzake hamsikii. Hakunijali hata kidogo. Aliendelea kuita "Niko!" mpaka majirani wakatoka nje kuangalia kuna nini. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza pale pa kurekodi, nikamwambia aseme tena.