Sapu ya Shakila

Basi la Tunduru lilikuwa linaingia Songea mchana, na Shakila alikuwa bado anatikisa midomo. Mzee mnunuzi wa korosho aliyeketi kando yake alishindwa kuvumilia.

"Uradi gani huo usioisha, mjukuu wangu? Tangu Namtumbo!"

"Si uradi, babu. Ni Kiingereza."

Mzee alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Basi Mwenyezi Mungu akufungulie."

Shakila alikuwa anaifuata sapu, mtihani wa marudio wa somo la ualimu, na safari hii ilikuwa kwa mdomo, mbele ya mhadhiri. Akipita, anaingia mwaka wa pili. Akianguka, anadisko: chuo kinamfuta, na habari inaishia hapo.

Hakuwa mzito wa akili. Hata kabla hajavunja ungo alikuwa amehifadhi juzuu kadhaa madrasa, kwa lugha asiyoielewa, na watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumsikiliza. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Sekondari, walimu waliandika Kiingereza ubaoni, kisha wakageuka kueleza kwa Kiswahili. Mtihani ulipokuja, Shakila aliandika yale ya ubaoni kama yalivyokuwa, na yalitosha. Chuoni hakuna aliyegeuka. Kwingineko duniani mtu husomea hata udaktari kwa lugha aliyobembelezwa nayo, wala haoni ajabu.

Kule Matogoro, kwenye chumba walichopanga pamoja, mwanafunzi mwenzake Fortunata, Mmatengo wa Mbinga, alimsubiri na beseni la viazi.

"Haya, mwalimu. Kwa nini mtoto husahau alichofundishwa?"

"Hajaona kinamhusu nini. Mdogo wangu Muhsini kugawanya kulimshinda kabisa, mpaka nilipompa korosho awagawie wenzake. Hajasahau mpaka leo."

"Safi! Sasa hivyo hivyo, kwa Kiingereza."

Shakila alikaa wima, akafumba macho, akaanza kughani desa lote, zile notsi za darasani, kuanzia ukurasa wa kwanza.

"We Myao! Nimekuuliza swali, hujaitwa kwenye Maulidi!"

Walicheka wote wawili. Shakila ndiye aliyerudi kwenye desa kwanza.

Siku ya mtihani, mhadhiri, Dokta Hironimus, hakuwa mkali. Alimkaribisha kiti, akauliza swali lile lile kwa Kiingereza cha polepole. Shakila alianza vizuri, hakukosea hata neno. Katikati ya ukurasa Dokta aliinua mkono: inatosha, sasa nipe mfano wa mtoto unayemjua, kwa maneno yako.

Madrasa, ustadhi akiinua mkono maana yake umeteleza, na adabu ni kurudi mwanzo bila kubisha. Shakila alirudi mwanzo. Mkono uliinuka tena. Alirudi tena, sauti ikizidi kushuka, jasho likimtiririka ndani ya hijabu. Muhsini alikuwa pale pale kichwani mwake, korosho kiganjani, na hakukuwa na neno hata moja la Kiingereza la kumtoa nje.

"Dokta, naomba niseme kwa Kiswahili."

Hironimus alitazama mlango. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"Mimi ningekuelewa, binti yangu. Utaratibu hauniruhusu kukuelewa."

Matokeo yalipotoka, Shakila alishaanza kukunja kanga zake. Fortunata alizunguka chumba kizima akigombana na hewa.

"Kata rufaa! Mwambie mkuu wa idara ulivyoniambia mimi, yale ya korosho!"

"Kwa lugha gani, shoga?"

Fortunata aliacha kuzunguka, akaketi kitandani. Yeye mwenyewe alikuwa amepita kwa kubahatisha, na wote wawili walilijua hilo.

Stendi walifika mapema. Shakila alipanda, akafungua dirisha.

"Muhsini ameambiwa nakuja. Anaruka ruka nyumba nzima. Anadhani ni likizo."

Basi liliondoka kuelekea Tunduru. Fortunata alimtazama rafiki yake mpaka uso ukapotea dirishani. Midomo ya Shakila ilikuwa imetulia kabisa. Fortunata alibaki pale stendi, akatoa desa lake mkobani, akaanza kukariri.