Kopo la Maharagwe Ishirini na Moja

Kwa miaka thelathini Kahongya Melchior alimenya magome ya mikinkina, miti ya kwinini, katika milima ya Lubero, kule ambako ukungu hushuka saa tisa alasiri na kufuta kila kitu isipokuwa sauti. Kabla ya kugusa mti aliuzunguka polepole, akiupapasa, ajue ulikwisha kumenywa wapi. Kisha alitoa gome upande mmoja tu.

Mwezi wa saba mwaka 2024 alikuwa amelazwa hospitalini Beni. Ini lake, lililokakamazwa na homa ya ini ya miaka mingi, lilikuwa na uvimbe mdogo wa saratani, uliogunduliwa mapema. Daktari Solange, mpasuaji aliyetua uwanja wa ndege wa Mavivi kwa ziara ya siku kumi, alikuwa amepanga kumpasua Alhamisi.

«Papa Melchior, ulishaka tapika damu? Hata mara moja?»

«Hapana, Docta.»

Hakujiona kuwa mwongo. Kulikuwa na beseni la buluu lenye wekundu ndani, na mikono ya Kavira, mkewe, ikilisugua kwa mchanga; kulikuwa na kibanda cha kukaushia magome, na ukungu ukiingia mlangoni kama mtu wa nyumbani. Lakini hiyo aliiita ndoto, na kwa miaka mitano Kavira hakuwahi kumkanusha.

«Niko nauliza kwa sababu ini yako imekuwa nguvu,» daktari alisema. «Damu inashindwa kupita, inarudia nyuma, inajaza mishipa ya koo. Kama ilishapasuka mara moja, itapasuka tena. Ama ini inachoka nyuma ya opération, tumbo inajaa maji, mutu anatuacha.»

«Na kama nilitapika, hautanipasula?»

«Alhamisi, hapana. Nyuma ya Alhamisi, sijui.»

Kavira, aliyekuwa amekaa penye miguu ya kitanda, alisimama akatoka bila kuaga. Alirudi Jumatano adhuhuri, nyusi zake nyekundu kwa vumbi la barabara ya Butembo, akaweka kopo la maziwa ya unga juu ya shuka.

«Baba Sagesse, hesabu.»

Melchior alimimina kiganjani. Maharagwe ishirini na moja, makavu kama changarawe.

«Nilikuwa naweka moja kila asubui,» Kavira alisema. «Haikukuwa ndoto. Ni miye nilikuficha.»

Ilikuwa mwaka 2019, wakati wa Ebola, ambapo aliyetapika damu alipelekwa kwenye mahema ya kutenga wagonjwa. Kavira alikuwa ameiosha damu ile kwa mikono mitupu. Alimpandisha mumewe hadi kibandani, wakahesabu siku ishirini na moja, muda ambao ugonjwa ule hujificha mwilini. Hakuna aliyeugua. Walirudi Kimemi, mtaani kwao Butembo, wakanyamaza, kwa aibu, maana majirani walikuwa wametii amri na kuwazika wapendwa wao kwa mbali.

«Mama Sagesse, unataka Docta arudi na kisu yake?»

«Arudi nayo, kuliko miye nirudi na maiti yako. Weye mwenyewe, mbele ya kutoa gome, hauzungukake muti yote?»

Melchior aliyarudisha maharagwe koponi, moja moja. Kisha akamwita daktari mwenyewe, akasema yote.

Daktari Solange alifuta jina la Melchior kwenye orodha ya Alhamisi.

«Ninyi batu ya Butembo! Mulikimbia ugonjwa hamukukuwa nayo, mukaficha ule muko nayo.»

Alhamisi ikapita bila kisu. Walimwingiza mpira wenye taa kooni, wakaikuta mishipa imetuna kama minyoo ya mvua, wakaifunga kwa vipete vidogo. Daktari akaruka na ndege. Kwa wiki saba Melchior alisikiliza kila ngurumo kutoka Mavivi, akiishi nusu humu na nusu kwenye ukungu.

Aliporudi, daktari alitazama tena koo, akaridhika.

«Nitatoa uvimbe na kipande kidogo pembeni. Kidogo tu.»

«Uachie muti gome yake,» Melchior alinong'ona, kope zikimlemea kwa dawa ya usingizi.

Akajikuta Lubero. Aliuzunguka mti mkubwa, akapapasa, akakuta kovu la zamani. Gome changa lilikuwa limelifunika, laini kama shavu la mtoto. Mahali fulani maji yalikuwa yakitiririka.

Maji yale aliyakuta tumboni mwake alipoamka, kama daktari alivyohofia. Tumbo lilivimba, macho yakawa manjano. Walimnyima chumvi, wakampa vidonge, wakamchota maji kwa sindano. Kila asubuhi Kavira alitoa haragwe moja koponi na kuliweka dirishani. Lilipobaki kopo tupu, mkanda wa Melchior ulikuwa umerudi kwenye tundu lake la zamani.

«Sisemi umepona,» daktari alimwambia. «Kila miezi tatu unakuja, tunaangalia.»

Nyumbani Kimemi, Kavira aliyachanganya maharagwe yale na mengine, akayaweka motoni tangu asubuhi. Hadi alasiri yalikuwa bado magumu. Sagesse, binti yao, alionja moja akalitema.

«Mama! Hii maharagi ni ya wapi? Ni mawe!»

Wazazi wakatazamana. Melchior akamsogezea binti kigoda.

«Ikala, Sagesse. Ni ya ile mwaka mama yako alinificha.»

Kavira akaongeza maji chunguni.