Tulimchangia Mzee Athumani mazishi, akarudi mzima. Hizi pesa sasa nizifanye nini?

Wakuu, salaam.

Shilingi 38,400. Hiyo ndiyo bei ya mazishi ya mtu ambaye, hivi ninavyoandika, amekaa nje ya duka langu anakunywa chai ya rangi na kulalamika kwamba haina tangawizi.

Nimezihesabu mara mbili. Picha sina, lakini risiti ninazo zote. Anayedhani natunga, apite hapa Mtopanga, Kisauni, nimpe kiti akae azisome.

Humu ndani kuna watu kumi na mmoja mliotuma pesa kwenye uzi wangu wa mwezi uliopita, ule wa kumsitiri mzee wetu. Nyinyi hasa ndio nawataka. Msome mpaka chini, msiruke.

Kwa wageni: mimi ni mwanamke, nauza makochi na meza za mtumba. Duka langu lina baraza pana. Makochi mengine hayaingii ndani, kwa hiyo jioni nayafunika turubai na kuyatia mnyororo.

Mzee Athumani ndiye aliyeligundua lile kochi la watu watatu.

Alikuwa kuli wa bandari ya Kipevu, akibeba magunia mpaka makontena yalipomstaafisha. Chumba alichokipanga miaka na miaka kilikuwa kwenye nyumba ya zamani hapa hapa mtaani. Mwenye nyumba akafa, warithi wakauza, aliyenunua akavunja. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, mtoto hawakujaaliwa. Akaenda kujaribu kulala town, mbele ya maduka, walinzi wa huko wakawa wanamwamsha kwa ndoo ya maji. Akarudi mtaa anaojulikana.

Anaojulikana. Sikusema anaotakiwa.

Kochi lile nilikuwa nataka elfu kumi na nane, mwisho kumi na sita. Mteja akija asubuhi anamkuta mzee amejinyoosha juu yake. Na hakuwa ananyamaza! "Mwanangu, mwambie mteja hapa katikati pamebonyea." Wallahi, mtu akiniharibia biashara kwa uongo nitapigana naye. Huyu aliiharibu kwa ukweli, ningemfanya nini?

Nikampelekea malalamiko mwenyekiti wa kamati ya mtaa, Bwana Mbarak, mwenye hardware. Nikamwambia mzee hana pa kulala, tukae kama mtaa tutafute njia. Akaniambia, "Bi Zuhura, niachie mimi."

Nikamwachia. Siku ya pili mzee hayupo.

Hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe nilipangusa kochi, nikalirudisha kwenye kumi na nane.

Baada ya siku chache, asubuhi, kijana wa bodaboda anaitwa Katana akaja mbio. Kasikia Changamwe lori limemgonga mzee mwenye ndevu nyeupe, amevaa ovaroli la buluu, amepelekwa mochari. Mzee Athumani alikuwa na ndevu nyeupe. Ovaroli lake la Kipevu lilikuwa la buluu, halimvuki mwilini.

Sasa nyinyi wa bara mtatushangaa. Huku kwetu maiti hasubirishwi. Mtu akifa asubuhi, jioni amelala kaburini. Kwa hiyo hakuna aliyesema twendeni kwanza tukamtazame. Tulianza kuchanga.

Na hapo ndipo mtaa wangu ulipong'ara, wakuu. Sijaona serikali wala kampuni inayofanya kazi kama Mtopanga ikisikia mtu kafa. Kabla ya adhuhuri gari limepatikana, wachimbaji wamepatikana, mwenye sufuria kubwa kaleta, mwenye majamvi kaleta. Mtu aliyekuwa haitikii salamu ya mzee kaleta kilo tano za mchele.

Pesa nikapewa mimi nizishike, kwa sababu nahesabu mara mbili. Msikitini ilipita kofia, ikatoka na 11,650. Bwana Mbarak hakutia kwenye kofia, alisimama akatangaza elfu kumi kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa Utange. Grupu la mtaa kwenye simu likatoa 9,250. Nyinyi humu mkatoa 7,500, Mungu awalipe.

Jumlisheni. Ni 38,400.

Zilizotumika: gari la mochari 3,500. Sanda 2,800, na yule muuza vitambaa alikuwa anataka 3,200. Mchele, sukari, mafuta na nyama 6,100. Zote hizo zilitoka kwenye pesa za msikiti na za grupu. Zenu sijazigusa hata shilingi.

Gari likaenda, likarudi tupu. Yule marehemu wa Changamwe alikuwa na wenyewe. Wanawe walishamtambua wakamchukua, Mungu amrehemu. Wazee wakashuka kwenye gari wamenywea, wanaulizana: kumbe Athumani alikuwa na watoto?

Chakula kimeshaiva. Hatuwezi kukimwaga. Watu wakaketi kwenye majamvi, wakaanza kula.

Basi hapo, baada ya alasiri, akatokea barabarani mtu mwenye ovaroli la buluu, anatembea pole pole, viatu mkononi.

"Asalaam alaikum. Nani kafa?"

Mama mmoja aliangusha sinia. Ikabidi nimjibu mimi.

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Leo asubuhi. Umegongwa na lori."

Akajitazama miguu, akatazama masinia. "Basi nipakulieni na mimi. Msiba wangu mwenyewe nitakosaje kula?"

Akala vizuri tu. Na akiwa anakula ndipo tukajua alikokuwa. Bwana Mbarak alimpa mia tatu za nauli, aende Likoni "akawasalimie watu wake". Mzee hana watu Likoni. Alishinda huko akilala kwenye kibaraza cha duka la unga, mpaka wazee wa huko nao wakakaa kikao, wakachanga nauli wakampa arudi "kwao" Kisauni.

Nikageuka kumtazama Bwana Mbarak. Yeye peke yake ndiye aliyejua mzee yuko Likoni, naye ndiye aliyelia kuliko wote. Alikuwa anachambua mfupa kama fundi wa saa.

Haya. Kesho yake tukakaa barazani kwangu: Ustadh wa msikiti, Bwana Mbarak, mimi na marehemu. Zimebaki 26,000. Nikasema mimi naona wazi, mzee akodishiwe chumba. Nami nilikuwa nishakiona, kwa Bi Riziki nyuma ya kinu cha nazi. Alianza na 3,500 kwa mwezi, nikamteremsha mpaka 2,800 kwa hoja kwamba dirisha linatazama choo. Anataka deposit ya mwezi mmoja. Pesa zilizopo zinatosha deposit na miezi minane, na chenji inabaki.

Ustadh akatafakari, akasema, "Watu wametoa kwa niya ya kumzika. Maiti hayupo. Pesa ni zao. Waulizwe kwanza, wakiridhia atumie."

Hilo sina ugomvi nalo, ni haki.

Bwana Mbarak akasema, "Mimi siridhii. Nilitoa ya mazishi, ikae ya mazishi. Kwani hatakufa? Tena haitachukua muda."

Amesema mbele yake, wakuu.

"Na jingine," akaendelea, "tukimpa huyu chumba, mwezi ujao watu wote wanaolala town watahamia Mtopanga. Nani atawalipia?"

Mzee akakohoa. "Mwenyekiti, nikuulize. Nikifa kweli utatoa tena elfu kumi?"

"Nitatoa, kwa nini nisitoe?"

"Basi tufanye biashara. Nikopeshe mazishi yangu sasa. Siku nikifa utoe shilingi hamsini tu, nami nitazikwa kwa mkeka. Umeokoa."

"Mazishi hayapunguzwi bei, mzee."

"Na mimi bei yangu imeshapanda sana tangu juzi. Wiki iliyopita nilikuwa wa mia tatu."

Ustadh aliangalia pembeni ili asicheke. Mimi sikuangalia pembeni. Nimefanya biashara hii miaka mingi, nimeshindana bei na Waswahili, Wakikuyu na Wahindi, lakini sijaona mtu anayefanya bargain na jeneza lake mwenyewe.

Basi nikaanza kuuliza ridhaa. Wakuu, msijaribu jambo hili.

Waliotia kwenye kofia hawaandikwi. Kwa hiyo Ijumaa Ustadh akatangaza: asiyeridhia aje achukue chake. Wakaja! Nilipojumlisha, madai ya waliosema walitia kwenye kofia yalifika 14,300. Kofia ilitoka na 11,650. Nikahesabu mara ya pili, ikawa ile ile. Kuna mmoja anadai elfu mbili, na siku ile mimi nilimwona kwa macho yangu amekaa nje anafunga viatu mpaka kofia ipite.

Ustadh akasema pesa ya msikiti isimame kwanza mpaka ukweli ujulikane. Grupu la mtaa nalo, admin ni Bwana Mbarak. Nilipouliza swali mle, akalifunga, sasa anaandika yeye peke yake. Anatuma dua asubuhi na bei ya saruji jioni.

Kwa hiyo, ukitia na elfu kumi za Bwana Mbarak, 18,500 zimefungwa. Mzee amerudi kwenye kochi. Kochi liko elfu tisa sasa, na bado hapati mtu.

Nimechoka kuwa na hasira, lakini niseme nililojifunza, halafu ninyamaze zangu.

Sisi si watu wachoyo. Nimeziona pesa zikitoka, hakuna aliyelazimishwa. Ila maiti ni rahisi kumpenda. Unamtolea mara moja, unamsindikiza, umemaliza, na thawabu umepata. Aliye hai ukimtolea leo, mwezi ujao tarehe moja yupo tena, ana njaa tena, na ana maoni kuhusu chai yako. Ndiyo maana kila mtaa una chama cha mazishi na hakuna hata mmoja wenye chama cha kodi. Mtaa mmoja unalipa nauli aende ule, na ule unalipa nauli arudi. Ukizijumlisha nauli zote, kuna mtu angekuwa amelala ndani.

Na hoja ya kwamba watakuja wote: mimi nimekaa barazani nikiwangoja. Amekuja mmoja, na huyo ni wetu.

Sitaki mniambie ati nina huruma sana. Nataka kuuza kochi langu. Lakini juzi mvua ilipiga kwa upepo, turubai likafunuka, asubuhi nikamkuta ameloa chepe chepe, meno yanagongana. Tangu siku hiyo ana kikohozi kisichonipendeza. Bwana Mbarak alipita, akamsikia, akaniuliza kama ile pesa bado ninayo salama.

Nikajua anauliza nini.

Sasa tufike kwenu. Bi Riziki kanivumilia, lakini ana mteja mwingine, mwisho wake ni Ijumaa hii. Deposit na mwezi wa kwanza ni 5,600. Zenu ni 7,500, na nyinyi pekee ndio ninaowajua mmoja mmoja na alichotoa. Nyinyi hamkuona kofia wala hamkukaa na mwenyekiti.

Naomba kila mmoja wenu kumi na mmoja aandike hapa chini neno moja: RUKHUSA au RUDISHA. Wa RUDISHA sitamsema vibaya, namtumia chake siku hiyo hiyo na ada ya kutuma juu yangu. Wa Doha, wewe ulitoa elfu mbili, tafadhali usinyamaze. Kimya chako siwezi kukihesabu.

Wengine wote, nishaurini: za wale wa kofia wanaodai zaidi ya zilizomo, nizigawe vipi? Na za Bwana Mbarak, nimrudishie mbele ya watu kama alivyozitoa, au kimya kimya?

Sanda muuza vitambaa alikataa kuirudisha. Mzee akaniomba, akasema kwa vyovyote ni yake. Usiku anajifunika nayo, asubuhi anaikunja vizuri anaiweka chini ya mto. Leo kaniuliza kama dirisha la kwa Bi Riziki ni kubwa, maana anataka kujua kama itatosha pazia.

Nimeenda kulipima. Inatosha, na kipande kinabaki.

Nangoja majibu yenu.