Sala Yenye Kijicho

Nianze na mishono yake, maana ndiyo iliyoniua. Pindo la gauni alilolishona yeye, ukiligeuza ndani, lilikuwa safi sawa na nje. Mimi nilikuwa fundi wa kwanza kutoka Uvira, Kongo, kuweka meza ya kushona pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na kwa misimu miwili wanawake wote walinijia. Ndani ya magauni yangu nyuzi zilining'inia na hakuna aliyelalamika. Kisha akaja huyu, mjane kutoka upande wa Fizi, vita vikiwa bado vinatutupia watu wapya kila wiki, akaweka mashine yake hatua chache kutoka kwangu. Mwezi haukuisha, korali ya kanisa letu ikampa yeye kitambaa cha magauni ya Pasaka.

Sitasema nilisikitika. Nilimwonea kijicho, kile cha kukufanya uwajue wateja wa mwenzio kuliko wako. Akicheka na mtu, nilidhani wananicheka mimi. Akinisalimu asubuhi, nilimwitikia nikiwa nimebana pini kwa meno ili nisifungue mdomo.

Silaha alinipa mwenyewe. Siku moja kwenye foleni ya bomba aliniambia habari za mumewe: watu wenye bunduki waliingia kijijini kwao, wakamkamata, wakamtwika mizigo yao, akatembea nao kuelekea milimani, hakurudi. Alinieleza kama mtu anavyomweleza dada yake. Nikampa pole, na pole ile ilikuwa ya kweli. Ilidumu mpaka nilipowaona wanakorali wakipimwa mabega mezani kwake.

Kanisani kwetu Jumatano alasiri ilikuwa ya akina mama. Baada ya nyimbo kulikuwa na saa ya maombi: yeyote alisimama, akataja shida, na wote wakainamisha vichwa. Hakuna aliyekatizwa, maana nani atamkatiza mtu anayesema na Mungu? Mle kambini hatukuwa na mahali pengine pa kusema hivyo. Hapo ndipo bibi mmoja kutoka Burundi aliposimama akamwomba Mungu awaguse mioyo wazee fulani waliokuwa wakiwapunja wajane mahindi. Wiki iliyofuata wajane walipata kipimo kilichojaa.

Basi Jumatano moja nikasimama, nikafumba macho.

"Tumuombeye dada yetu mupya wa kushona," nikasema. "Bwana yake alitembeaka na bale bantu ba bunduki. Mungu amusamehe, asamehe na nyumba yake."

Nilichosema kuhusu mumewe kilikuwa kweli: alitembea nao. Nilikata tu lile la kukamatwa na lile la kutwikwa mizigo, kama unavyokata kitambaa kilichozidi. Akina mama wakaitikia amina. Yeye hakuwepo, alikuwa nyumbani anashona magauni.

Habari ilifika ofisi ya wakimbizi kabla magauni hayajaisha. Alikuwa na dosie, faili la maombi ya kupelekwa nchi ya tatu, yeye na binti zake wawili. Wakamwita, wakamuuliza mumewe alipigania kundi gani, kisha wakaiweka dosie kando mpaka jambo lichunguzwe. Aliporudi hakunifokea. Alikwenda moja kwa moja kwa wazee wa kanisa, akanishitaki kwamba nimemchafulia jina.

Niliogopa. Nikaenda Lilongwe, mtaa wa Mchesi, kwa mzee mmoja wa kwetu aliyekuwa mwanasheria kabla ya vita. Siku hizo aliuza sabuni, na Wakongo wenye kesi walimchukua awatafsirie mahakamani. Nilimweleza yote isipokuwa magauni.

"Kwetu," akasema, "hata kama iko kweli, ukimuvunjia mutu heshima mbele ya bantu, banaweza kukufunga. Huku banauliza kwanza: iko kweli? Kweli nzima, hapana nusu. Halafu: uliambia nani? Halafu: na roho gani? Kama ulisemaka na roho safi, kwa bantu benye kustahili kusikia, sheria inaweza kukuhurumia hata kama ulikosea. Lazima bantu baweze kusema. Lakini kama ndani muko chuki, haitakusaidia tena." Akaweka sabuni chini. "We ulisemaka na roho gani, mama?"

Nikamwambia nina haraka ya kurudi. Nikanunua na sabuni ambayo sikuihitaji.

Wazee walipotuita, kesi ilikuwa imewafurahisha kupita kiasi. Mmoja wao alikuwa kati ya wale wa mahindi. Akasema ulimi hauna mfupa, na kwa hiyo tangu siku hiyo kila ombi la akina mama liandikwe na lipitie kwa wazee kwanza. Wengi wetu hatukujua kuandika. Yule bibi kutoka Burundi hakumtazama mzee, alinitazama mimi. Nikaelewa kwamba kijicho changu kilikuwa kinawafunga midomo wote.

Mjane akasimama. "Mi sitaki mufunge kinywa ya bamama," akasema. "Siku moja na mi nitakuwa na yangu ya kusema. Na sitaki alipe kitu. Asimame pale pale, saa ile ile, aseme yenye aliacha."

Wazee wakakubali, na lile la kuandika maombi wakaliacha. Na mimi, badala ya kumshukuru, nikamwonea wivu kwa jinsi alivyosema vizuri.

Jumatano nikasimama macho wazi. "Bale bantu balimukamata bwana yake," nikasema. "Balimutwika mizigo. Aliniambia mwenyewe, na mi nikaficha, juu ya wivu ya magauni."

Kisha nikalia. Akina mama wakaniinukia wote, wakanikumbatia, wakaanzisha wimbo. Mmoja akasema hajawahi kuona moyo mnyenyekevu kama wangu. Niseme ukweli, nilifurahi. Tangu mjane aje sikuwa nimetazamwa hivyo, nikayarefusha machozi kidogo.

Yeye alikuwa amekaa benchi la nyuma na binti zake. Hakuna aliyekwenda kwao. Nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza jirani kwamba panapofuka moshi hapakosi moto, na jirani akaitikia kwa kichwa.

Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Pasta atabaandikia barua kule ofisi," nikamwambia. "Sasa batafungua dosie yako."

Akawashika binti zake mikono. "Leo jina yako ndiyo imerudi, mama," akasema. "Yangu bado."

Nyuma yangu akina mama walikuwa wakiniita kwa furaha nikae katikati yao, nikageuka, nikaenda.