Maksai wa Bondeni na Kamera Yangu

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi ya kilimo ya Masasi kabla mlango haujafunguliwa. Nilivaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino kifupi. Nilikuwa nimetoka kwetu Lulindi alfajiri, nimepanda lori la korosho, na vumbi lote la njiani nilikuwa nimelikung'uta kwa kitambaa changu. Mjomba wangu alikuwa na studio ndogo kule Mkomaindo, jirani na hospitali, na ndiye aliyenifundisha kupiga picha na kuzisafisha. Huko nilizoea maharusi, watoto wachanga, na wagonjwa waliopona waliotaka kupeleka picha nyumbani ili waonekane wazima. Ng'ombe sikuwa nimewahi kumpiga picha hata mmoja.

Afisa Kilimo alinitazama usoni, akanitazama miguuni, akacheka.

"Mama Neema, viatu hivyo vitakwenda shambani?"

"Vitakwenda, mzee."

"Basi havitarudi."

Na kweli havikurudi. Kimoja kilimezwa na tope wiki ileile, cha pili nikampa mtoto achezee.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mradi wa maksai. Maksai ni dume la ng'ombe aliyehasiwa, akafundishwa kuvuta jembe. Ninyi wa leo mnawaona wakipita barabarani wala hamgeuzi shingo, lakini kwetu sisi hatukuwa wafugaji. Mbung'o walikuwa wengi, na kilimo chetu kilikuwa cha jembe la mkono tangu enzi za babu. Ile ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yalianza kujaa tena, korosho zikaanza kununuliwa na watu binafsi, na kila mtu akaambiwa asimame kwa miguu yake. Trekta ya kijiji ikiharibika, ndiyo imekwisha. Ndipo wakaletwa maksai, na mimi nikaajiriwa niwapige picha, ili wakulima wasiowajua wawaone na wapate hamu.

"Sitaki ng'ombe waliosimama kama wa kitambulisho," Afisa Kilimo aliniambia. "Nataka ng'ombe wanaofanya kazi na mkulima anayefurahi. Hakuna mtu anayeiga kazi ya aliyenuna."

Kijiji cha kwanza tulichokwenda kilikuwa bondeni, nje kidogo ya Masasi. Habari ilikuwa imetangulia kwamba anakuja mpiga picha. Tulipofika tuliwakuta wakulima kando ya majaruba, yaani vile vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo ili vishike maji. Wanaume wamevaa kanzu nyeupe, mmoja amevaa suti, wanawake wako kwenye khanga mpya ambazo hazijaguswa na maji. Plau ilikuwa imepakwa mafuta ya nazi ikang'aa.

"Hiki ni kilimo au harusi?" Afisa Kilimo akauliza.

"Bwana, picha ni picha," akajibu yule wa suti. "Wajukuu watanionaje nimejaa matope?"

Nikawapanga, nikawapiga ile picha yao ya heshima pamoja na ng'ombe, nikawaahidi nitawaletea wabandike ukutani. Baada ya hapo walikwenda wenyewe kubadili nguo, wakaingia majini kwa raha, na kazi ikapigika. Tangu siku hiyo sikufungua kamera kijijini bila kuanza na picha ya heshima.

Shida kubwa ilikuwa maji. Maji ya jaruba yanadanganya kamera. Jua linapoyapiga yanawaka kama bati jipya, na kipima mwanga, kile kisindano kinachokuambia mwanga ni kiasi gani, kinadhani mahali pote ni peupe. Ukikitii, watu na ng'ombe wanatoka weusi kama mkaa. Mikanda yangu ya mwanzo iliharibika hivyo. Nikajifunza kufungua tundu la lenzi zaidi ya nilivyoambiwa, na kumngoja ng'ombe ainue mguu wa mbele, kwa sababu hapo tu ndipo picha inaonyesha kwamba anakwenda.

Baadaye nilihamishiwa Newala, chini ya Mratibu wa Maksai. Alikuwa mtu mrefu, msafi kupita kiasi, mwenye kaunda suti iliyopigwa pasi mpaka ikakata. Watu wa Newala wanakaa juu kwenye uwanda, kwenye korosho na mihogo, lakini wengi wana majaruba huko chini, bonde la Ruvuma. Tulikuwa tukishuka mteremko kwa landrova, masikio yanaziba, na chini kumetandaa kijani.

Huko ndiko nilikomjua Mama Somoe. Yeye na mumewe, Baba Somoe, ndio peke yao waliokubali kuchukua jozi ya maksai upande ule. Mmoja walimwita Subira na mwingine Ruksa. Mama Somoe alikuwa akiongea nao Kimakonde kutwa nzima kama anaongea na wadogo zake. Majirani walitazama kwa mbali. Walisema ng'ombe akiingia topeni atavunjika mguu, na kwamba mnyama huyo ni wa watu wa bara, si wa kwetu.

Asubuhi moja Mratibu akaniita ofisini. Hakuwa na furaha.

"Mama Neema, nimeambiwa kama msimu huu hakuna wakulima wengine watakaojitokeza, jozi ile itapelekwa wilaya nyingine. Nimealika watu wa vijijini washuke waone. Wewe njoo na kamera."

Niliposhuka kumweleza Mama Somoe, alikaa kwenye ukingo wa jaruba akaweka mkono kiunoni.

"Wakiwachukua hawa, mwenzangu, nitarudi kwenye jembe la mkono na mgongo huu?"

Nilimsaidia kukata majani ya ng'ombe.

Siku ya maonyesho watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Kutoka kijiji cha Chilangala pekee walishuka wanawake kundi zima, wamejitwisha vyakula vyao. Kazi ilikuwa ni kuchavanga, yaani kukoroga udongo na maji ya jaruba mpaka viwe kama uji, ndipo mche wa mpunga upandike. Mama Somoe akawafunga maksai nira, lile gogo la shingoni linalowaunganisha, akawaingiza majini. Wakaenda vizuri mpaka katikati. Hapo Ruksa akapiga magoti, akajilaza majini, akafumba macho.

"Ruksa kajipa ruksa!" mtu akapiga kelele, na bonde zima likaangua kicheko.

Baba Somoe akanyanyua fimbo. Mkewe akamshika mkono.

"Acha, Baba Somoe. Huyu ana joto."

"Mama, watu wataondoka," Mratibu akasema, jasho likimtiririka.

"Wangojee kidogo, mzee. Simpigi ng'ombe wangu mbele ya wageni."

Akawafungua nira, akaanza kummwagia Ruksa maji kichwani kwa kibuyu, polepole, huku akimwimbia. Mratibu akatazama saa, akatazama watu waliokwisha kuanza kukusanya mizigo yao. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia jarubani na kaunda suti yake, akaishika nira ili amsaidie Mama Somoe kuirudisha shingoni.

Ruksa akainuka ghafla na kujikung'uta. Mratibu akateleza, akakaa kitako topeni mpaka kifuani.

Watu wakatazamana. Nani atamcheka mkubwa? Nilikuwa nimebakiza picha chache kwenye mkanda, na nilikuwa nimezitunza kwa ajili ya kuchavanga. Mratibu akaitazama mikono yake, akaitazama suti yake, kisha akacheka. Alicheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ofisini. Mama Somoe akajishika kiuno akacheka naye, ng'ombe wawili wamesimama nyuma yao masikio yameinuka. Nikabonyeza.

Bonde zima likacheka nao, na baada ya hapo hakuna aliyeondoka. Ruksa alikwisha kupoa, na yeye na Subira walichavanga lile jaruba lote mbele ya macho ya watu, hakuna aliyevunjika mguu. Wanawake wa Chilangala wakaacha mizigo yao, wakaingia wenyewe kujaribu kushika plau, mmoja baada ya mwingine, wakianguka na kushangiliana.

Nilipoisafisha ile picha kwenye chumba cha giza, nikaiona ikitokea taratibu ndani ya dawa, kwanza tope, kisha meno ya Mratibu. Nikampelekea pamoja na nyingine.

Akaipeleka dirishani kwenye mwanga.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi na wewe tu, mzee."

"Hii ndiyo utakayoikuza. Kaibandike Chilangala, pale wanapopimia korosho."

"Mzee, watakucheka."

"Walikwisha kunicheka, na hakuna aliyekwenda nyumbani."

Tukaibandika. Watu walisogea kuicheka, wakabaki kuulizia ng'ombe. Wanawake ndio waliotangulia. Walijiunga wachache wachache ili jozi moja ihudumie nyumba kadhaa. Nakumbuka siku Mratibu alipotangulia kushuka bondeni na jibu kuhusu ile jozi. Mama Somoe aliniona nikiteremka kwenye landrova, akanikimbilia kabla sijakanyaga chini.

"Hawaendi popote, Mama Neema! Wanaletwa wengine!"

Tulicheza palepale, yeye na mundu wake mkononi, mimi na kamera ikinipigapiga kifuani.

Miaka ikaenda. Serikali ikapunguza wafanyakazi, na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nilisikitika, sitasema uongo, lakini sikusikitika kwa muda mrefu. Nilirudi Masasi nikafungua studio yangu, wakati mikanda ya rangi imeshaanza kupatikana madukani. Kilichonishangaza ni kwamba wakulima walinifuata hukohuko. Walitaka maksai wao wapigwe picha za rangi. Bwana harusi mmoja alisimamisha shughuli nzima mpaka jozi yake iletwe, isimame ubavuni kwa bibi harusi, na bibi harusi akakubali kwa sharti kwamba pembe zifutwe kwanza.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni vizuri kama zamani, na kila mtu ana simu yake ya kupigia picha. Sina kinyongo nazo. Ninachowaambia vijana wanaokuja kuniuliza ni kimoja: usimpige picha mtu anayefanya kazi mpaka ujue anaogopa nini katika kazi hiyo, na anaipendea nini. Mengine utajifunza kwa kuharibu.

Mwaka nilioifunga studio nilishuka bonde la Ruvuma kuwasalimu watu. Mama Somoe amezeeka, anakaa kivulini akichambua mbegu. Ng'ombe wanaendeshwa na bintiye, Somoe.

"Shikamoo, mama. Leo kamera iko wapi?"

"Marahaba. Nimeiacha nyumbani. Nipe plau."

Akadhani natania. Nikavua viatu, nikaingia. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimepiga picha mikono ya watu iliyoshika plau, na sikujua kwamba plau inatetemeka. Udongo unaongea ndani ya mpini, unapanda mpaka mabegani. Mstari wangu ulipinda kushoto, ukapinda kulia, na kutoka kivulini nikamsikia Mama Somoe akicheka mpaka anakohoa. Nilifika ukingoni nikiwa natweta, Somoe akanyoosha mkono anipokee.

"Bado," nikamwambia. Nikawageuza ng'ombe, nikaanza mstari wa pili.