Siku Mtani Alipovaa Koti la Mume Wangu

Siku ile naiona mpaka leo, mwanangu, kwa sababu nilifinywa paja hadi nikaruka. Nilikuwa msichana mdogo, tumekaa mkekani kwenye msiba wa mzee mmoja kule Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mwanamke nisiyemjua alikuwa anapita katikati ya waombolezaji ameshika fimbo ya marehemu, anakohoa kama marehemu, anawagombeza watu kama marehemu. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Mimi nikamkazia macho, nikamsonya. Hapo ndipo vidole vya bibi yangu viliponipata.

"Unamsonya nani?" akaninong'oneza. "Yule ni mtani wetu. Leo hapa ana haki kuliko wewe."

Njiani wakati wa kurudi nyumbani akanieleza. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi. Walibeba mizigo ya watu kichwani na mabegani kutoka huku hadi pwani, kwa miguu, miezi na miezi. Mtu akiugua njiani, wenzake wa makabila mengine walimtania ili asikate tamaa. Akifa, walimzika wao, maana ndugu zake walikuwa mbali mno. Wazaramo ndio waliotupokea kule mwisho wa safari, na tunataniana nao mpaka leo.

"Wewe unadhani anacheza," bibi akasema. "Anakupokea mzigo. Mtu akija kukupokea mzigo humsonyi, unainama ili autwae."

Nikaitikia, "Ndiyo, bibi," kama watoto wanavyoitikia. Nilisikia, lakini kusikia si kuelewa. Kuelewa kumenifika mwaka huu uliopita, na kumenifika kwa mshituko ambao bado haujanitoka.

Mimi ni bibi tayari, ingawa hamsini sijaifikia. Usicheke. Niliolewa mara tu nilipomaliza kidato cha nne, na wanangu nao hawakuchelewa. Miguu yangu haijapata kutulia tangu utoto. Nauza asali, na biashara hiyo imenipa kisingizio cha kuifuata njia ya zamani ya misafara, Nzega, Ziba, Igunga, siku hizi imetandazwa lami. Mara nyingine nashuka kwenye basi mahali ambapo sina mteja hata mmoja, eti kwa kuwa niliwahi kuambiwa kwamba wapagazi walilala hapo. Hakuna cha kuona. Ni mbuzi na vichaka tu. Lakini nasimama, naangalia, halafu nasubiri basi jingine.

Mume wangu, Mihayo, alikuwa kinyume changu kabisa. Alikuwa fundi baiskeli mtaani kwetu Chemchem, na akifika mbali sana amefika sokoni. Alivaa koti moja la kijivu masika na kiangazi, hata jua la Oktoba lilipokuwa linapasua vichwa. Jirani na kibanda chake aliuza vitumbua Bi Tatu, Mzaramo aliyeletwa Tabora na ndoa. Hao wawili walitukanana kila siku ya Mungu.

"Nyie Wazaramo ngoma zimewaishia, mmekuja kutulisha mafuta," mume wangu alikuwa akimwambia.

"Kula, mbeba mizigo," Bi Tatu anajibu. "Bila mafuta shingo itakatika."

Mwaka ulianza nikiwa Ziba na madumu yangu. Simu ikalia, jirani ananiambia, "Mama Maganga, rudi nyumbani." Nikauliza kuna nini. Akarudia, "Wewe rudi tu." Asubuhi ile nilikuwa nimemwacha mume wangu anakunywa uji, analalamika kwamba sukari haitoshi. Ameinuka aende kazini, akaanguka mlangoni. Hakuugua, hakuaga. Nilikaa kwenye basi njia nzima nikiwaza habari ya sukari. Kwa nini sikuongeza kijiko? Akili ya mtu aliyeshtuka, mwanangu, hushika kitu kidogo kwa sababu kile kikubwa hakishikiki.

Sasa nikwambie kuhusu Maganga, mtoto wetu wa kwanza. Tulimpeleka Mwanza akiwa mdogo, akasomee kwa mjomba wake. Akasoma, akapata kazi hukohuko, akaoa. Baba yake alitamani arudi wafanye kazi pamoja. Maganga akamjibu, mbele yangu, "Baba, mimi sitaki kunuka grisi kama wewe." Toka siku hiyo hawakusemezana. Salamu zilipitia kwangu. "Mama, mwambie baba shikamoo." Na mimi namwambia, na yeye anaitikia marahaba huku anaangalia pembeni. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini ulimwengu haujali umfunze mtoto wako kitu gani.

Alikuja msibani na mkewe, Neema, tumbo limeshakuwa kubwa. Alishughulikia kila kitu, jeneza, maturubai, gari, maji ya wapishi. Hakutoa chozi. Watu wakamsifu kwamba ni mwanaume. Mimi niliyemzaa niliona uso umekauka kama ngozi iliyowambwa, nikaogopa. Usiku wa kuamkia mazishi akaniambia, "Mama, tukishazika tu, mimi na Neema tunaondoka jioni hiyohiyo." Nikajua. Akiondoka vile, hatarudi tena. Nitakuwa nimezika wawili.

Tulizika Ntalikwa, kwenye shamba la ukoo. Kwaya ya Moravian ilikuwa imeshajipanga, mchungaji ameegesha baiskeli yake kwenye ukuta wa nyumba ya shemeji yangu, na wanaume kwenye kaburi walikuwa wanamalizia kuchimba. Kwetu watani ndio wanaoshika majembe. Wengi wao walikuwa vijana wa upande wa Bi Tatu.

Mara nikasikia watu wanaguna, kisha kicheko kinaanza kwa mbali, kinakuja. Nikainua kichwa.

Mume wangu alikuwa anakuja.

Koti la kijivu. Mikono nyuma. Kichwa mbele kuliko miguu, kama mtu anayesukuma upepo. Ilikuwa kitambo kidogo kabla sijaliona pindo la kanga chini ya koti. Alikuwa Bi Tatu. Akaenda moja kwa moja kwenye baiskeli ya mchungaji, akainama, akabinya tairi kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hapa hamna upepo, mchungaji," akasema kwa sauti nzito ya mume wangu. "Mbinguni utafika saa ngapi?"

Mchungaji mwenyewe alicheka hadi akafunika uso kwa kitabu. Na mimi, mjane, nimefungwa kanga kichwani, nikacheka. Kicheko kilinitoka kabla sijakiruhusu. Nikaziba mdomo. Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ile simu. Mtu anachekaje na mumewe bado hajafukiwa?

Bi Tatu akawa anakuja upande wa jeneza. "Nani kaniweka kwenye sanduku jipya hivi?" akauliza. "Mimi na vitu vipya wapi na wapi? Nitoeni, mnipe kuukuu langu!"

Hapo Maganga akasimama. Alimfikia kwa hatua ndefu, akashika koti kwenye ukosi, akalivuta likamtoka mwilini. Bi Tatu akayumba, akaanguka mkekani kwa magoti.

"Mwendawazimu wewe!" Maganga alifoka. "Baba yangu si mchezo wa kuigiza! Toka hapa!"

Mwanangu wee! Mwanamke wa rika la mama yake, mtani, ameangushwa mbele ya jeneza! Kule kaburini nikasikia jembe la kwanza linaanguka chini. Kisha la pili. Kisha yote. Wachimbaji wakatoka shimoni mmoja mmoja, wanajipangusa mikono, wakaenda kukaa kwenye kivuli cha gari. Hakuna aliyewazuia. Nani angewazuia? Kuokota jembe la mtani aliyekosewa ni kujitafutia laana.

Mume wangu akabaki pale juani, kaburi halijaisha, mwanawe amesimama na koti mkononi haelewi amefanya nini. Hasira hasara, tunasema kila siku, lakini siku hiyo niliiona hasara yenyewe ikiwa na misumari na mbao.

Shemeji yangu akamwendea Bi Tatu, akapiga magoti. "Mtani, tusamehe. Mtoto amekulia mbali. Tutakupa kuku, tutakupa mbuzi, sema wewe."

Bi Tatu alikuwa ameshakaa vizuri mkekani, anajipangusa vumbi kwenye goti. Nilitegemea matusi. Akamgeukia Maganga.

"Kuku wenu mle wenyewe, mmekonda," akasema. "Nataka huyu. Alitaka koti, si analo? Alivae. Anioneshe baba yake anavyotembea. Akishindwa, jeneza mtalibeba kichwani mpaka pwani, si ndiyo kazi yenu?"

Hakuna aliyecheka. Maganga akanigeukia mimi, macho ya mtoto kabisa. "Mama?"

Nilimkumbuka bibi yangu na vidole vyake. Nikamwambia, "Inama, mwanangu. Autwae."

Sidhani kama alielewa. Lakini alilivaa. Lilimkaa sawasawa mabegani, na hilo peke yake lilinitia baridi. Akasimama, hajui aanzie wapi. Akapiga hatua, ngumu kama ya askari. Akasimama tena. Kisha akaweka mikono nyuma. Kichwa kikaenda mbele. Na miguu, mwanangu, miguu ikafuata yenyewe.

Bi Tatu alikuwa ameigiza. Huyu hakuwa anaigiza. Alitembea mbele ya watu wale wote, na kila aliyemfahamu Mihayo alishika kifua. Alipita kwenye baiskeli ya mchungaji, akabinya tairi. Akajifuta vidole ndani ya koti, kwenye bitana, ili nje lisichafuke. Hilo Bi Tatu hakulijua. Hilo lilikuwa la nyumbani. Akaenda hadi kwenye mlango wa nyumba, akagonga fremu mara mbili kwa kifundo cha kidole, akainama kidogo, akasema kwa sauti ya baba yake:

"Wenyewe wamo?"

Ndivyo mume wangu alivyoingia nyumbani kwake jioni zote za ndoa yetu. Na mimi, bila kufikiri, kinywa kikajibu kama kilivyozoea:

"Wamo. Karibu ndani."

Maganga akageuka. Nadhani hakujua mpaka wakati huo kwamba alikuwa na kitu hicho ndani yake miaka yote. Uso ukavunjika. Akakaa chini mlangoni palepale na lile koti, akalia kama alivyolia siku nilipomwachisha ziwa, kwa sauti, bila aibu. "Sikumwomba msamaha," akawa anasema. "Mama, sikumwomba."

Aliyemfikia wa kwanza si mimi. Ni Bi Tatu. Alimshika kichwa akakilaza begani mwake, akawaambia vijana wake kule kwenye kivuli, "Nyie mmekaa mnangoja nini? Mbeba mizigo ameshatua. Chimbeni!"

Majembe yakalia tena. Tulizika jua likiwa bado lipo. Jioni hiyo Maganga hakuondoka.

Mwaka umetimia sasa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini mimi mwaka mmoja umenitosha. Mume yuko Ntalikwa. Binti yangu wa mwisho ameolewa Igunga, na nyumba imekuwa pana kupita kiasi. Neema alijifungua mtoto wa kiume masika yakiwa yamepamba moto, akapewa jina la babu yake. Bi Tatu alipomwona tu alisema, "Maskini, shingo nyembamba hivi, mizigo ataiweza?" Maganga akamjibu papo hapo, "Vitumbua vyako ndivyo vizito, shangazi, huyu hata hajavionja." Nilishtuka tena, lakini huu ulikuwa mshituko mtamu. Kazi yake bado iko Mwanza, sikudanganyi, na grisi haipendi mpaka leo. Ila anakuja.

Na mimi siku hizi sishuki tena kwenye mabasi kutafuta mahali wapagazi walipolala. Si kwamba miguu imetulia. Nimejua tu kwamba kile nilichokuwa nakitafuta vichakani kilikuwa kinauza vitumbua jirani na mume wangu.

Mwanangu, sikiliza basi niliyokuitia. Msiba utakufika, haukosi mlango. Siku hiyo atakuja mtu atakayekukera, atacheka usipopenda, atamtaja marehemu wako kwa namna isiyokupendeza. Kabla hujainua mkono, jiulize amekuja kufanya nini. Wapo wanaokuja kula, na wapo wanaokuja kukupokea mzigo, na hawa wa pili mara nyingi ndio wenye kelele. Hao wainamie. Na ukiwa na mtu ambaye salamu zako zinamfikia kwa kupitia mama yako, mpigie leo, mwenyewe, kwa sauti yako. Usingoje kuvaa koti lake.

Juma lililopita nilikuwa peke yangu, nachuja asali, nikasikia fremu ya mlango inagongwa mara mbili. Nikatazama. Maganga, mtoto kifuani, ameinama kidogo.

"Wenyewe wamo?"

Nikaitikia, mwanangu. Na wewe nakuombea hivyo hivyo. Mungu akupe miguu ya kufika mbali na njia ya kukurudisha, usimkose wa kukutania siku nzito, na popote utakapogonga, awemo wa kukujibu, "Wamo. Karibu ndani."